Maporomoko ya Sanje: Kupanga Matembezi ya Siku Moja Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuenea katika mikoa ya Morogoro na Iringa, ina eneo la kilomita za mraba 1,990 lakini haina barabara za kutembeza watalii kwa magari, hivyo mgeni aliyezoea kutazama wanyama kupitia dirishani hulazimika huko kushuka na kutumia miguu yake. Miongoni mwa njia za hifadhi hiyo, inayojulikana zaidi ni ile inayopanda hadi maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka kwa ngazi tatu zenye jumla ya takriban mita 170 kabla ya kushika njia ya bonde la Kilombero. Ni matembezi ya nusu siku, yanayowezwa na mtu mwenye afya ya kawaida hata kama hajawahi kupanda mlima. Wanaotaabika ni wale waliosikia kwamba njia ina kilomita chache tu wakadhani kwamba wamekwisha kujua yote yanayohitajika.

Maporomoko hayo yapo kwa sababu ya umbo la milima yenyewe. Udzungwa ni sehemu ya kusini ya Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa milima ya miamba ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kupitia Upare, Usambara na Uluguru. Mamilioni ya miaka iliyopita ardhi ilipasuka na upande mmoja wa ufa ukanyanyuka, na ndiyo maana uso wa mashariki wa Udzungwa umesimama kama ukuta juu ya bonde la Kilombero. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi ukifika hapo hauna pa kupita ila juu. Unapopanda hupoa, na mvuke uliomo hugeuka ukungu na mvua. Mteremko wa mashariki kwa hiyo una msitu mzito, ilhali upande wa magharibi, ulio katika kile wataalamu wanachokiita kivuli cha mvua kwa kuwa upepo hufika huko ukiwa umekwisha kumwaga maji yake, ni mkavu zaidi. Msitu nao haupokei mvua na kuiachia papo hapo, bali huinyonya kupitia tabaka nene la majani yaliyooza na kuitoa kidogo kidogo, na ndiyo sababu Sanje huendelea kutiririka hata wakati wa kiangazi.

Uamuzi wa kwanza wa mpangaji ni majira, na hapo hakuna jibu linaloridhisha kila upande. Mvua za ukanda huo huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba, huzidi Machi na Aprili, na huisha Mei. Anayekwenda mvua zikiwa zimepamba moto ataona maji kwa wingi wake wote, lakini atayafikia kwa njia ya udongo unaoteleza na mizizi iliyolowa, tena huenda ukungu ukamfichia bonde lote lililo chini. Anayesubiri hadi Oktoba atapata njia kavu na jua kali, na maji yaliyopungua. Juni na Julai ndiyo miezi ya kupendekezwa kwa familia na kwa wasio na mazoea: mito ingali na nguvu ya masika, njia imeanza kukauka, na joto la bonde limepungua.

Uamuzi wa pili ni saa, na huu ndio unaodharauliwa zaidi. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alipendekeza kanuni ambayo bado inatumika kukadiria muda wa matembezi ya milimani: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, njia ya kilomita 5 yenye mpando wa mita 300 ingehitaji saa moja na nusu. Njia ya Sanje, ambayo urefu wake hutajwa kuwa kama kilomita 5, kwa kawaida hupangiwa muda wa saa nne. Tofauti hiyo haitokani na uvivu wa Waafrika Mashariki. Naismith alikuwa akiwafikiria watu wakakamavu katika nchi ya baridi, wasiosimama njiani. Chini ya msitu wa Udzungwa hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki upesi mwilini, na mwili usiopozwa na jasho lake huchoka mapema. Kushuka nako hakuwi kwepesi kama inavyodhaniwa, kwa kuwa magoti ndiyo yanayobeba kila hatua, na wengi huteleza wakati wa kurudi, uangalifu ukiwa umelegea. Kikundi chenye watoto au wazee kinapaswa kuongeza saa moja zaidi na kwenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Kikianza kupanda saa 2 asubuhi, kitakuwa kimekwisha kushuka ifikapo saa 8 mchana, kabla ya manyunyu ya alasiri na mapema kabla ya giza, ambalo chini ya miti mikubwa huanza kuonekana jua la nje likingali linawaka.

Kwa hesabu hiyo ni dhahiri kwamba anayetoka Dar es Salaam hawezi kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lango la hifadhi liko Mang'ula, kama kilomita 65 kutoka mji mdogo wa Mikumi kwa barabara ya Ifakara, na busara ni kulala Mang'ula usiku wa kuamkia matembezi, chini ya chandarua, kwa sababu bonde la Kilombero lina malaria. Taratibu za kuingia hukamilishwa langoni, ambako mgeni hulipa ada ya hifadhi na ya mwongozaji. Haifai kuingia msituni bila mwongozaji, kwani tembo na nyati wamo. Kuna pia wanyama ambao mgeni angewapita bila kuwaona. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika milima hii na misitu ya bonde lililo chini yake, na milima hii pekee ndiyo makazi ya mangabei wa Sanje, nyani wa rangi ya kijivu ambaye wenyeji walimjua siku zote kwa jina la n'golaga, lakini ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, karibu na maporomoko haya.

Mzigo uwe mdogo: maji lita mbili kwa kila mtu, ndizi na karanga, nguo ya kubadili, koti jepesi la mvua na kifuko kisichopitisha maji kwa ajili ya simu. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye soli ya meno, kwa kuwa ndala hazifai kabisa, na suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi humkinga mtu na siafu. Fimbo imara husaidia zaidi wakati wa kushuka.

Pembeni mwa maporomoko makubwa kuna ukanda unaolowa daima kwa manyunyu yanayorushwa na maji, na ukanda huo ni makazi ya viumbe wasioweza kuishi hatua chache tu kando yake. Mfano mashuhuri umetoka Kihansi, katika mteremko wa kusini wa milima hii, ambako maji mengi ya mto yalipogeuzwa kuelekea mitambo ya umeme karibu na mwaka 2000, manyunyu yalipungua na chura mdogo aliyeishi hapo tu akatoweka. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini, na kwa kuwa baadhi ya vyura hao walikuwa wamefugwa Marekani, walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kwa hiyo mgeni wa Sanje hukaa kwenye njia, na hatumii sabuni katika mabwawa ya maporomoko hata kama ameruhusiwa kuogelea. Mawe ya hapo yamefunikwa na ukoga unaoteleza, wala si busara kujirusha majini kutoka juu yake. Jambo moja zaidi ni la kukariri: maji yakigeuka ghafla kuwa ya udongo, au yakianza kubeba majani na vijiti, mvua imenyesha huko juu hata kama anga la hapo ni jeupe, na wote watoke mtoni mara moja.

Iwapo katika kikundi yumo asiyeweza saa nne za kupanda na kushuka, hifadhi hiyo ina maporomoko madogo yaliyo karibu na lango la Mang'ula, yaliyopewa jina la Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi aliyehudhuria uzinduzi wa hifadhi, na kufika huko huchukua chini ya saa moja. Njia ya Sanje, kwa upande mwingine, haianzii langoni bali kijijini Sanje, kama kilomita 10 kutoka hapo, hivyo gari au bajaji ya kwenda na ya kurudi inapaswa kuagizwa tangu jana yake.