Mwani Unaowasha na Mwani Unaotuliza

Ufukweni Luzira, kando ya bandari ya Port Bell, maji ya Ziwa Victoria hufunikwa mara kwa mara na utando wa kijani, mzito kama rangi ya ukuta. Huo si mwani. Ni sianobakteria, hasa Microcystis, wanaonenepa kwa uchafu unaomiminwa na mfereji wa Nakivubo katika Ghuba ya Murchison. Wanaweza kutoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Nalisema hili mapema kwa kuwa habari za “mwani unaoongeza kinga” zimeenea, nisije nikamfanya mtu adhani dawa inaelea mlangoni kwake.

Mwani wa makala hii ni wa baharini. Ulio karibu nasi unalimwa hasa Zanzibar, ambako kilimo cha kibiashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani. Maji yakipwa, wakulima, wengi wao wanawake, hushuka na vigingi na kamba, wakafunga vipande vya aina za mwani ziitwazo spinosum na kotonii kwa vijikamba viitwavyo tai tai. Ukishavunwa na kukaushwa, sehemu kubwa huuzwa nje, na viwandani hutolewa karagenani, ile E407 inayoandikwa kwenye pakiti za aiskrimu na maziwa ya chokoleti. Hata mkazi wa Luzira asiyewahi kuiona bahari huenda ameshaila.

Karagenani ni polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa sukari, hapa galaktosi, uliobeba salfeti. Ile ya kotonii, aina ya kapa, ina salfeti moja katika kila jozi ya sukari. Ile ya spinosum, aina ya iota, ina mbili. Salfeti huupa mnyororo chaji hasi, nao hunata kwenye protini nyingi za mwili, zikiwemo zilizo juu ya chembe za kinga. Kinachofuata baada ya kunata ndicho kinachotofautiana sana, na ndicho wauzaji wa virutubisho hawakielezi.

Mwaka 1962 watafiti Winter, Risley na Nuss walieleza jaribio ambalo maabara hulitumia mpaka leo. Panya hudungwa karagenani katika unyayo. Baada ya saa chache unyayo umevimba, una joto na unauma: mishipa midogo imepanuka na kuvuja, histamini na prostaglandini zimemwagwa, na chembe nyeupe za aina ya neutrofili zimejaa. Kisha hupimwa ni dawa ipi inayoshusha uvimbe huo. Kwa hiyo sukari ya mwani imekuwa kipimo cha dawa za uvimbe kwa sababu yenyewe huuleta.

Mbona basi aiskrimu haituvimbishi? Njia ya kuingilia ni nyingine. Karagenani iliyoliwa ni minyororo mikubwa mno kupenya utumbo kirahisi, na nyingi hutoka kama ilivyoingia. Hata hivyo, wapo watafiti waliokuta kwamba katika seli za utumbo zilizokuzwa maabara inaamsha kipokezi cha TLR4, mlango uleule ambao kinga huutumia kutambua bakteria. Wengine wanayapinga matokeo hayo. Karagenani ikikatwakatwa kwa asidi kali na joto hugeuka poligeenani, ambayo imesababisha vidonda katika utumbo wa wanyama na hairuhusiwi katika chakula.

Mwani wa kahawia una fukoidani, polisakaridi nyingine yenye salfeti, iliyotenganishwa na Harald Kylin wa Sweden mwaka 1913. Chembe nyeupe ikiitwa penye jeraha, kwanza hupunguza mwendo na kubingirika juu ya ukuta wa mshipa, ikishikwa na protini ziitwazo selektini. Fukoidani huzikamata selektini hizo, na katika wanyama chembe chache zaidi hupita kwenda kwenye jeraha. Hiyo inatuliza. Lakini pia huzuia damu kuganda, na hilo si jambo dogo.

Umbo nalo huamua. Makrofaji, yaani chembe za kinga zinazomeza vijidudu, hutambua kwa kipokezi cha Dectin-1 beta-glukani, polisakaridi nyingine inayopatikana pia katika baadhi ya mwani. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa beta-glukani ikiwa katika punje humwamsha makrofaji, ilhali iliyoyeyuka hukishika kipokezi bila kuliwasha shambulio. Anayeuza unga wa mwani bila kusema una sukari ipi, ya ukubwa gani, hajatuambia lolote kuhusu kinga.

Na maabara si mwili. Jeli ya karagenani iitwayo Carraguard ilizuia VVU maabara. Ilipojaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 6,000, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha haikuwakinga.

Mimi nautazama mwani kama chakula, na kama hazina ambayo vyuo vyetu vinapaswa kuichunguza badala ya kuiacha iuzwe ghafi tu. Dawa ya kinga bado haujawa. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu asiziache kwa ajili ya jeli ya mwani. Anayetumia warfarini, au mwenye tezi ya shingo yenye matatizo, amwone daktari kabla ya kuutumia mwani, kwa sababu baadhi ya sukari za mwani huzuia damu kuganda na mwani wenyewe una madini ya joto.