Madini Chini ya Shamba: Haki ya Nani?

Sifa njema zote ni za Allah. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Mkoa wetu wa Ruvuma una makaa ya mawe huko Ngaka, wilayani Mbinga, na urani eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ambako mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Pori la Selous urekebishwe kupisha mgodi. Basi imamu akiulizwa: madini yakidhihiri chini ya shamba, ni ya nani?

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Abyadh bin Hammal alimuomba Mtume (s.a.w.) chumvi ya Maarib, akapewa. Ilipobainishwa kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, Mtume aliirejesha. Wanazuoni wakachukua humo kuwa madini ya wazi hamilikishwi mtu mmoja. Ama yaliyofichika, wamekhitilafiana. Kwa Mashafii, aliyehuisha ardhi mfu kisha yakadhihiri humo, ni yake. Kwa kauli mashuhuri ya Wamaliki, amri yake ni ya kiongozi, hata ardhi ikiwa na mwenyewe. Sheria ya Tanzania, inayoyahesabu madini kuwa mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, iko karibu na kauli hii.

Lakini khitilafu hiyo ni ya madini, si ya shamba. Bukhari na Muslim wamepokea onyo kali kwa anayedhulumu hata shubiri ya ardhi. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na ya hati, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Tena fidia bila ridhaa ya kweli haitoshi. Sura An-Nisaa, aya ya 29, imeifanya ridhaa kuwa msingi wa kupokezana mali. Mwaka 1884 Carl Peters alikusanya mikataba ya Kijerumani kwa watawala wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, ambao hawakuijua lugha ile. Mwaka 1895 amri ya Wajerumani ikaifanya ardhi waliyodai haina mwenyewe kuwa ya dola. Hiyo ndiyo hadaa iliyovishwa joho la mkataba.

Kwa hiyo tunawausia maimamu: muumini asitie dole gumba kwenye fomu ya uthamini kabla ya kusomewa na kuielewa, mbele ya mashahidi, na abaki na nakala. Na Muislamu aliye mthamini au kiongozi wa kijiji ajue kuwa kalamu yake ni amana.

Wallahu a'lam.