Mshika Mbili: Kazi ya Kennedy Otieno, Mlinda Wiketi wa Kenya

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Methali hii tumeiandikia insha mara nyingi, na kila mara tunatoa mfano wa mwanafunzi anayetaka kusoma na kufanya biashara kwa wakati mmoja, mwisho anafeli. Leo mimi nataka kuwaeleza kazi ya mtu aliyeshika mbili kweli kweli, tena mbele ya macho ya dunia. Mtu huyo ni Kennedy Otieno Obuya, mlinda wiketi na mpigaji wa timu ya taifa ya kriketi ya Kenya.

Najua wengi wenu mtauliza, kriketi ina uhusiano gani na sisi watu wa Galbet? Huku kwetu jioni jua likipoa ni kandanda tu kwenye mchanga, na voliboli kidogo. Sawa. Lakini ngojeni kwanza niueleze mchezo wenyewe, halafu mtaona ninakoelekea.

Kriketi huchezwa na timu mbili, kila moja ina watu 11. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba yenye urefu wa mita 20 hivi. Kila mwisho wa njia hiyo vimesimamishwa vijiti vitatu, na juu yake vikalazwa vijiti vingine vidogo viwili. Hiyo ndiyo wiketi. Timu moja hupiga, nyingine hurusha na kudaka. Mrushaji hukimbia akatupa mpira, na mpigaji akiwa na gongo lake bapa huulinda mlango wake usiangushwe. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana pande, na hapo hupata mkimbio mmoja au zaidi. Mpira ukivuka mpaka kwa kuviringika ni mikimbio 4. Ukivuka hewani bila kugusa ardhi ni mikimbio 6. Timu yenye mikimbio mingi ndiyo mshindi. Katika mechi za siku moja kila timu hurushiwa ova 50, na kila ova ina mipira 6. Yaani mipira 300.

Sasa basi, nyuma ya ile wiketi ya mpigaji huchutama mtu mmoja. Huyo ndiye mlinda wiketi. Katika watu 11 walioko uwanjani wakidaka, yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kuvaa glavu. Tunaweza kumfananisha na kipa wa kandanda, lakini kwa maoni yangu kazi ya kipa ni nafuu. Kipa anaweza kukaa dakika kumi bila kuguswa na mpira. Mlinda wiketi ni lazima achutame na kuinuka kwa kila mpira, kwani hajui ni upi utakaompita mpigaji. Hesabu mwenyewe: mipira 300 ni kuchutama mara 300 kwa mechi moja. Na mpira wenyewe si wa mpira laini. Umefunikwa ngozi, ni mgumu kama jiwe, uzani wake ni kama gramu 160, na mrushaji wa kasi anaweza kuutupa kilomita 140 kwa saa. Kutoka mkononi mwake hadi kwa mpigaji ni kama nusu sekunde tu.

Mlinda wiketi humtoa mpigaji kwa njia tatu. Ya kwanza, mpira ukigusa ukingo wa gongo halafu akaudaka kabla haujaanguka chini, mpigaji ametoka. Ya pili, mpigaji akitoka nje ya mstari wake akaukosa mpira, mlinda wiketi huangusha vijiti haraka kabla hajarudi. Ya tatu, wapigaji wakiwa mbioni, mwenzake humtupia mpira naye huvunja wiketi. Mrushaji akiwa wa kasi, mlinda wiketi husimama mbali nyuma. Mrushaji akiwa wa kuzungusha mpira polepole, husogea hadi karibu na vijiti kabisa, mpigaji yuko puani mwake. Hapo kufumba jicho ni kosa.

Zaidi ya hayo, yeye huuona mchezo wote kutoka mahali ambapo hakuna mwingine anayeona. Anaona miguu ya mpigaji, anaona mpira unavyopinda, na kapteni humwuliza ushauri. Hata hivyo watazamaji wengi hawamtambui mpaka auangushe mpira. Akidaka mia watasema ni kazi yake. Akikosa mmoja, jina lake litatajwa nchi nzima.

Mfano mzuri ni ile siku ya tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, India. Kenya ilikuwa katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza chini ya jina lake yenyewe, kwani mwaka 1975 tulichanganywa na jirani zetu katika timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Siku hiyo Kenya ilipata mikimbio 166 tu. Otieno alicheza kama mpigaji na akatolewa na mikimbio 2. Glavu alikuwa nazo Tariq Iqbal. Timu ya West Indies ilikuwa na Brian Lara, mmoja wa wapigaji hodari kuliko wote duniani. Rajab Ali akarusha, mpira ukagusa gongo la Lara, Tariq Iqbal akaudaka. Lara alikuwa na mikimbio 8. West Indies wote wakatolewa kwa mikimbio 93, na Kenya ikashinda kwa 73. Dunia ilipigwa na butwaa. Mpira mmoja uliodakwa nyuma ya wiketi ulisaidia kugeuza siku nzima.

Hebu tuje kwa mkono wa pili, yaani kupiga. Zamani mlinda wiketi alichaguliwa kwa kudaka tu, na zamu ya kupiga ikifika alipelekwa mwishoni pamoja na warushaji. Lakini makocha walianza kupiga hesabu. Timu ni watu 11 na haiongezwi. Ikiwa mlinda wiketi anajua kupiga vizuri, basi nafasi moja imefanya kazi ya watu wawili, na kapteni anaweza kuongeza mrushaji mwingine. Kwa nchi tajiri hiyo ni faida. Kwa nchi kama yetu, yenye wachezaji wachache, hiyo ilikuwa ni lazima.

Hata Marekani katika mchezo wao wa besiboli wanaijua hesabu hii. Huko pia kuna mdakaji anayechutama nyuma ya mpigaji akiwa amevaa glavu na kinyago cha chuma. Johnny Bench wa timu ya Cincinnati Reds aliifanya kazi hiyo na papo hapo akawa mpigaji wa nguvu. Kati ya 1967 na 1983 aliupiga mpira nje ya uwanja mara 389. Lakini miaka yake ya mwisho ilibidi ahamishwe kutoka nyuma ya mpigaji, kwani mwili haukustahimili tena. Kwa hiyo mzigo huu si wa Mkenya peke yake.

Kennedy Otieno alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Mara nyingi alipewa kazi ngumu kuliko zote za upigaji, yaani kufungua. Mfunguaji huingia wakati mpira ni mpya, mgumu, na warushaji wa kasi bado wana nguvu zao zote. Fikiria sasa mlinda wiketi anayefungua. Timu yake ikianza kwa kudaka, atachutama mara 300 juani, atapewa mapumziko yasiyofika saa moja, halafu avae helmeti na kinga za miguu atoke wa kwanza kukabili mipira ya kasi. Wenzake wamekaa kivulini. Si mchezo, jamani.

Katika Kombe hilo la 1996, siku sita kabla ya Pune, Kenya ilikutana na Australia mjini Visakhapatnam. Australia ilikuwa na akina Shane Warne na Glenn McGrath, majina ambayo hata wasiojua kriketi wameyasikia. Walipata mikimbio 304. Kenya ilishindwa, lakini ilifika 207, na Otieno peke yake alipata 85. Watu wakauliza, huyu ni nani?

Jibu alilitoa nyumbani. Tarehe 10 Oktoba 1997, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya ilicheza na Bangladesh. Otieno alifungua pamoja na Dipak Chudasama. Wawili hao walikaa, wakapiga, wakakimbia, mpaka walipotenganishwa walikuwa wamekusanya mikimbio 225. Chudasama alipata 122, Otieno 144. Kenya ikafika 347 na ikashinda kwa mikimbio 150. Ni mwaka uliofuata, 1998, ambapo Australia nayo ilimpandisha mlinda wiketi wake Adam Gilchrist awe mfunguaji katika mechi za siku moja, na Gilchrist akawa maarufu duniani kwa mtindo huo. Sisemi Australia waliiga kwetu, maana Sri Lanka walishafanya hivyo na Kaluwitharana mwaka 1996. Ninachosema ni kwamba Kenya haikuwa nyuma ya wakati.

Mwaka 2003 Kenya ilikuwa mwenyeji wa baadhi ya mechi za Kombe la Dunia. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, ikapoteza pointi. Sri Lanka walikuja. Tarehe 24 Februari Otieno alipata mikimbio 60, akiwa wa kwanza kwa mikimbio upande wetu, na Kenya ikafika 210. Kisha mdogo wake, Collins Obuya, akawatoa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24 tu. Tukashinda kwa 53. Kenya ilisonga mpaka nusu fainali mjini Durban, ambako India ilitushinda tarehe 20 Machi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi isiyokuwa mwanachama kamili wa kriketi ya dunia kufika hapo. Kwa jumla Otieno alicheza mechi 90 za kimataifa za siku moja na kupata zaidi ya mikimbio 2,000.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika kikosi kile cha 2003 walikuwemo ndugu watatu wa nyumba moja: Kennedy, David na Collins. David naye alikuwa mlinda wiketi kama kaka yake. Walikuwemo pia Martin na Tony Suji, ndugu wawili. Na katika Kombe la 1996 walicheza Steve Tikolo na nduguye David, na Maurice Odumbe na nduguye Edward. Kwa nini ndugu wengi hivi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu mchezo ule ulikaa katika klabu chache za mjini Nairobi na Mombasa, na shule nyingi za umma hazikuwa na uwanja wala vifaa. Mtoto alifundishwa na kaka yake. Hiyo ilikuwa nguvu yao, maana ndugu huelewana hata bila kusemezana. Lakini ilikuwa udhaifu pia. Kaka wakizeeka, nyumba ikiishiwa wadogo, nani atapokea glavu?

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya 2003 kukaja migogoro ya malipo na ya uongozi, wale mahodari wakachoka mmoja mmoja, na waliofuata hawakutosha. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Kutoka nusu fainali hadi hapo ni miaka 11 tu! Kumbe mtu mmoja anaweza kushika mbili zisimponyoke, lakini nchi ikitegemea nyumba chache zishike kila kitu, kitaponyoka.

Wenzangu, sisi huku Kaskazini Mashariki tunalalamika mara nyingi kwamba hatujulikani katika michezo, na malalamiko hayo yana haki ndani yake. Viwanja ni haba na safari ya Nairobi ni ndefu. Hata hivyo yapo tunayoyaweza wenyewe. Timu yetu ya voliboli, timu ya kandanda, hata chama hiki cha Kiswahili, kila mwaka hubebwa na watu wachache wa kidato cha nne. Wakimaliza mtihani wanaondoka na ujuzi wao, na sisi tunaanza upya kama wageni. Ombi langu kwa walimu na viongozi ni kwamba kila anayeshika kazi awe na mwenzake wa kidato cha kwanza au cha pili anayemfundisha: kipa na kipa mdogo, mhariri na mhariri mdogo. Asiwe lazima ndugu wa damu. Uwanja wa mchanga unatosha kwa hilo, na gharama yake ni saa moja ya jioni.

Na kwa wale wanaopenda kufunga mabao tu ili wapigiwe makofi, nawakumbusha kwamba mikimbio ya Otieno ilishangiliwa, lakini kule kuchutama hakuna aliyekuhesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.