Tuwaandikie Wale Waliotuomba

Mwaka uliopita, mwezi wa nane, niliwaharibia mama zetu washonaji kazi kwa usiku mmoja. Ninaandika habari hii nikiona haya kidogo, lakini mwalimu asiyekubali kosa lake atasahihishaje daftari za wengine?

Kikundi hicho kina mama wanane. Wanashona mifuko ya shule na vitambaa vya meza vya vikwembe hapa Lubumbashi. Picha za kazi yao ziko kwenye intaneti chini ya jina la kikundi, na wengi wanaonunua ni watoto wa hapa wanaoishi mbali: Bruxelles, Johannesburg, Montréal. Mama hao wakaniambia: “Mwalimu, wewe unajua mambo ya telefone. Utuandikie watu barua pepe, wanunue mbele masomo hayajafunguliwa.” Kwa watatu kati yao, pesa ya mifuko ile ndiyo ilikuwa minerval ya watoto.

Nikakusanya kila anwani niliyoiona: za wanunuzi wa zamani, za marafiki wa marafiki, hata za daftari la michango ya arusi moja. Zikapita mia mbili. Juu nikaandika “TANGAZO MUHIMU SANA!!!”, nikaweka picha tisa, nikapanga anwani zote kwenye mstari mmoja, nikatuma, nikalala kwa furaha.

Asubuhi nilikuta agizo la mfuko mmoja tu. Barua nyingine zote zilikuwa za malalamiko. Mama mmoja wa Ubelgiji aliuliza nani amenipa anwani yake, na kwa nini watu mia mbili asiowajua sasa wanaiona. Wengine hawakusema neno, walibonyeza tu kitufe cha kusema hii ni barua taka. Kisha hapo, hata barua tulizowaandikia wanunuzi wetu waaminifu zikaanza kuanguka upande wa takataka. Mwezi wa tisa, binti wa mama mmoja wa kikundi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval. Nilipokutana naye njiani na sare yake ya shule, sikujua niseme nini.

Nikaanza kusoma juu ya jambo hili. Kosa langu halikuwa jipya hata kidogo. Tarehe 3 Mei 1978, huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta DEC alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 ambao hawakuliomba. Walikasirika, na tangazo lile linahesabiwa leo kuwa barua taka ya kwanza. Mimi nimerudia kosa lile lile, tena na telefone ya kisasa mkononi.

Nilifahamu pia kwamba kampuni zinazotunza masanduku ya barua hutazama wapokeaji wanafanya nini na barua zetu. Tangu mwezi wa pili wa 2024, Google na Yahoo zinawadai wanaotuma barua kwa wingi waweke njia nyepesi ya kujiondoa, na malalamiko yasifike 3 kwa kila barua 1000. Kwa Gmail, mtumaji mkubwa ni yule anayetuma barua 5000 kwa siku. Sisi hatuko huko, lakini tupige hesabu: ukituma barua 200 na mtu mmoja tu akalalamika, hiyo ni sawa na 5 kwa 1000. Umekwisha kupita kipimo.

Tena kuna sheria. Ulaya inalinda habari za mtu binafsi kwa sheria inayotumika tangu 25 Mei 2018. Kanada, tangu 2014, inataka mtu akubali kwanza mbele ya kuandikiwa barua ya biashara. Na hapa kwetu, Sheria ya Numeriki ya 13 Machi 2023 ina sehemu yake juu ya habari za mtu binafsi. Anwani ya mtu ni kama mlango wa nyumba yake: unabisha hodi, unangoja.

Basi tukaanza upya. Niliwaandikia wanunuzi wa zamani mmoja mmoja, nikaomba radhi, nikauliza: “Unapenda tukuandikie mara moja kwa mwezi?” Na ndani ya kila mfuko tukatia karatasi ndogo yenye ulizo hilo hilo. Watu 34 wakasema ndiyo. Mama mmoja akashika kichwa: “Mwalimu, kutoka mia mbili tunabaki na thelathini na wanne?” Nikamjibu kwamba wale mia mbili hawakuwa wetu.

Haya ndiyo tuliyobadilisha, na kikundi chochote kinaweza kuyafanya bila gharama.

Jina la mtumaji. Barua ya kwanza ilitoka kwenye anwani yangu, ambayo hakuna aliyeijua. Sasa linaonekana jina la kikundi, lile lile lililo kwenye picha.

Kichwa cha barua. Telefone inaonyesha maneno machache tu, kwa hiyo jambo lenyewe litangulie. Tuliandika: “Vitambaa vya Noeli: msafiri anaondoka tarehe 12.” Msomaji anajua ni kitu gani, na kwa nini asikawie. Lakini tarehe iwe ya kweli. Ukidanganya mara moja, mara ya pili hatafungua.

Jambo moja kwa kila barua. Anayenunua mifuko ya watoto hatafuti kitambaa cha arusi. Tuliigawa orodha kwa makundi mawili, kulingana na vitu walivyokwisha kununua, na kila kundi linapata habari yake.

Picha moja, nyepesi. Mega zinanunuliwa, na barua nzito haifunguki upesi. Chini ya picha weka bei pamoja na gharama ya kusafirisha, kisha useme wazi: “Ukitaka, jibu barua hii.”

Anwani zifichwe. Ukituma kwa wengi pamoja, uziweke mahali palipoandikwa “Cci”, hapo hakuna anayeona ya mwenzake. Gmail ya kawaida inaruhusu watu 500 kwa siku. Orodha ikikua, itafutwe programu ya kutuma barua za biashara.

Mlango wa kutoka. Kila barua inamalizika hivi: “Ukichoka na barua zetu, jibu ACHA.” Wawili wamekwisha kujibu hivyo. Tuliwafuta siku ile ile, na mmoja bado ananunua.

Hesabu ya kweli. Programu nyingi zinakuonyesha ni wangapi walifungua barua. Usizitegemee sana: tangu 2021, telefone za Apple zinaweza kuonyesha kwamba barua imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaisoma. Sisi tunahesabu majibu na maagizo. Nilitaka pia kujaribu vichwa viwili, kila nusu ya orodha na chake, lakini kwa watu 34 tofauti ya mtu mmoja au wawili haithibitishi kitu. Tunaandika matokeo ya kila mwezi kwenye daftari, tutaona kisha mwaka.

Kwa Noeli, watu 9 walijibu na 6 wakaagiza, wengine vitambaa viwili viwili. Si utajiri. Lakini minerval ya binti yule ililipwa, na amekaa darasani tangu mwezi wa kwanza. Yeye ndiye anayeshika daftari la anwani sasa. Juzi nilitaka kuongeza anwani ya shangazi yangu wa Kolwezi. Akanitazama, akauliza: “Mwalimu, ameomba?” Nikaenda kumpigia shangazi telefone kwanza.

Kama kikundi chenu kinauza kwenye intaneti na hakina orodha, tuonane siku ya posho, kisha mkutano. Mlete daftari, kalamu, na majina ya wanunuzi wenu kumi wa mwisho. Tutaanza kwa kuwauliza.