Kitambulisho cha Taifa: Anza na Karatasi za Wazazi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ilivyoanzishwa mwaka 2008, na Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ya mwaka 1986 inayoiongoza. Leo tunaingia kwenye swali la wasomaji wa Korogwe na Handeni: niende ofisini na nini?

Orodha yenyewe haitishi. Mwombaji awe ametimiza miaka 18. Hujaza fomu, ikapitishwa na kugongwa mhuri na serikali ya kijiji au mtaa anapoishi, akaambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja na alichonacho kingine: vyeti vya shule, pasipoti, leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura, kadi ya bima ya afya. Kisha hupigwa picha, hutoa alama za vidole na kuweka saini. Kitambulisho cha kwanza hakilipiwi. Ukiombwa hela ya fomu, dai risiti uone kama ombi litaendelea.

Kazi iko kwenye sehemu ya wazazi. Fomu inataka majina yao na walikozaliwa, na afisa wa Uhamiaji haipiti sehemu hiyo harakaharaka, maana kitambulisho cha raia hakitoki kabla uraia haujathibitika. Kwa watu wa Korogwe hapo ndipo mkonge unaporudi mezani. Mkonge wa mashamba ya huko haukukatwa na wenyeji peke yao. Kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, ilileta watu kutoka Kigoma, Njombe na Songea, na wengine kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Hao ndio manamba, waliofanya kazi kwa kipande cha siku 30. Wengi hawakurudi makwao. Mjukuu wao amezaliwa na kusoma Korogwe na Kisambaa anakisema vizuri, lakini akiulizwa babu yake alitoka wapi hujibu: "Tulimkuta kambini." Anasema kweli, ila afisa hawezi kuliandika hilo kwenye fomu. Inachekesha kidogo: shamba lilikuwa na namba ya babu, serikali inaulizia jina la kijiji chake.

Kwa hiyo usianze na foleni. Anza na sanduku la mzazi. Tafuta namba yake ya NIDA kama anayo, cheti chake cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo, hata karatasi za zamani za ajira ya shambani. Karatasi za shamba hazithibitishi uraia, lakini humpa afisa mahali pa kuanzia kuuliza, na wewe hubaki na la kujibu.

Handeni ina mkasa wake. Huko Chogo wako Wazigua ambao mababu zao walipelekwa Somalia katika karne ya 19, wakauzwa utumwani. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 baadhi ya wazao wao walirudi Tanga wakiwa wakimbizi, bado wanasema Kizigua, na baadaye wengi walipewa uraia wa Tanzania. Kwa mtu wa namna hiyo karatasi kuu ni cheti cha uraia wa tajnisi. Akitunze kuliko hati ya shamba. Waliohamia Msomera, hapohapo Handeni, kutoka Ngorongoro tangu Juni 2022 hawana haja ya kuanza upya: aliyekwisha kupewa namba huhama nayo.

Asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwenye usajili wa vizazi chini ya RITA, akiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha darasa la saba, na barua ya mtendaji. Hapo ahakikishe majina yanafanana kila mahali. Asha wa kadi ya kliniki na Aisha wa cheti cha shule, kwa kompyuta, ni watu wawili, na kuwaunganisha kunahitaji hati ya kiapo.

Aliyepoteza kitambulisho hupata kwanza ripoti ya polisi ya upotevu, kisha hulipa shilingi 20,000 kwa namba ya malipo ya serikali. Namba yake ya utambulisho haibadiliki. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana nawasihi watu wakague tarehe kabla ya kuweka saini. Katika zile foleni za kuwahi kusajili laini za simu kwa namba hiyo kabla ya Januari 20, 2020, sidhani wengi walikagua.

Toleo lijalo tutaeleza kurekebisha majina na tarehe. Kabla ya hapo, msomaji, kama mzee wako yu hai, kaa naye uandike alikozaliwa: kijiji, tarafa na wilaya, pamoja na majina ya baba na mama yake.