Kikoa Chetu, Ufunguo wa Nani?

Mswahili wa pwani akilisikia neno "kikoa" hukumbuka mlo. Kula kikoa ni kula kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, kila mmoja akichangia alicho nacho. Wataalamu wa kompyuta wamelitwaa neno hilo na kuiita anwani ya tovuti "jina la kikoa". Sina ugomvi nao, ingawa nashuku kwamba ule ukarimu wa neno la asili haukuvuka pamoja nalo.

Niliyatambua hayo mwaka 2019. Wanafunzi wangu walikuwa wamekusanya istilahi za uvuvi na useremala kwa miaka minne, nasi tukaziweka katika tovuti yenye jina linaloishia kwa .org. Kijana aliyetutengenezea tovuti ndiye aliyelisajili jina hilo kwa kampuni moja ya ng'ambo. Tukamlipa, tukamshukuru, tukasahau. Kampuni ilipopandisha ada tuliamua kuhamia kwa msajili mwingine, naye akatuuliza swali moja tu: msimbo wa idhini uko wapi?

Msimbo huo ni mfuatano wa herufi, tarakimu na alama ambao kila jina huwa na wake. Msajili wa awali huutunga, nao huhifadhiwa katika daftari kuu la majina ya aina hiyo. Anayetaka kuhama humkabidhi msajili mpya msimbo, naye huupeleka kwenye daftari kuu pamoja na ombi. Usipolingana na uliohifadhiwa, ombi hutupiliwa mbali. Ukilingana, msajili wa zamani hupewa siku tano za kupinga kwa sababu zilizoruhusiwa. Akinyamaza, jina huhama. Kanuni tulizozikuta ni za ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998, nazo zilimtaka msajili autoe msimbo ndani ya siku tano akiombwa na mwenye jina.

Mwenye jina! Hapo ndipo tulipokwama. Daftarini mwenye jina hakuwa idara, wala mimi, wala wanafunzi waliokesha wakiandika. Alikuwa yule kijana, kwa barua pepe yake binafsi. Kampuni ilikataa katakata kutupa msimbo, na kwa kweli, ijapokuwa nilikasirika sana siku ile, haki ilikuwa upande wake.

Wapo watakaosema kwamba huu ni urasimu mtupu. Nawakumbusha kisa cha Panix, kampuni ya huduma za intaneti ya New York. Mnamo Januari 2005, mwishoni mwa juma, jina lake panix.com lilihamishwa hadi kwa msajili wa Australia bila ya wenyewe kujua. Barua za wateja zikaelekezwa Kanada, na siku mbili hivi zikapita kabla jina halijarejeshwa. Msajili aliyelipokea alikuwa amemwachia wakala kazi ya kuthibitisha idhini, na idhini haikuthibitishwa. Wakati huo majina ya .com yalikuwa bado hayajawekewa msimbo huu.

Kijana wetu tulimpata hatimaye kupitia kwa shangazi yake, baada ya majuma matatu. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliomba msimbo, akaifungua kufuli ambayo wasajili huiweka ili jina lisihamishwe, akanisomea msimbo kwa simu. Nikaunakili kwa mkono wangu, ukakataliwa. Mimi, mwalimu wa fonetiki na maandishi, nilikuwa nimeandika herufi O mahali pa sifuri! Mara ya pili akautuma kwa maandishi, nami nikamwonya asiupitishe kwa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa aushikaye anaweza kuutumia. Siku tano baadaye jina lilikuwa letu, nalo likafungwa lisihame tena kwa siku 60. Leo mwenye jina ni idara, kwa anwani ya barua pepe ya ofisi.

Majuzi nilizuru shule moja ya upili yenye tovuti nzuri, yenye matokeo ya mitihani na fomu za kujiunga. Nilimuuliza mwalimu mkuu ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye jina. Alifungua shajara yake, akapekua kurasa kadhaa, akanionyesha namba ya simu ya fundi iliyoandikwa kwa penseli. Tuliipiga pale pale. Haikuwa ikipatikana.