Maktaba ya McMillan, Nairobi: Umiliki, Sheria na Wasomaji

Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyoko Mtaa wa Banda karibu na Msikiti wa Jamia jijini Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925, kwa msaada wa Shirika la Carnegie la Marekani. Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake mahususi, heshima ambayo ni majengo machache mno yaliyowahi kuipata. Wengi huvutiwa na nguzo za jengo na simba wa mawe walioko mlangoni. Makala haya yanashughulikia suala jingine: ni nani aliyekusudiwa kusoma humo, na ni nani anayewajibika leo.

Kwa zaidi ya robo karne maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilipoanzishwa mwaka 1948, makao yake yakiwa Nairobi, liliwafikia wasomaji Waafrika kwa masanduku ya vitabu na kwa azima ya posta. Yaani, katika mji uliokuwa tayari na maktaba kubwa, huduma kwa Waafrika ilipangwa kana kwamba maktaba hiyo haikuwapo. Hapo ndipo penye asili ya mikondo miwili ambayo haijaungana kikamilifu hadi sasa: mmoja wa baraza la jiji, na mwingine uliokuja kushikwa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965.

Baraza la jiji lilichukua maktaba na kuwafungulia watu wote kuelekea uhuru. Hata hivyo, rafu zilibaki na vitabu vilivyochaguliwa kwa ajili ya walowezi, vingi vikiwa vya Kiingereza. Mabadiliko yenye uzito zaidi, pengine, yalikuwa matawi ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Kaloleni ni mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika. Mtoto wa hapo huifikia maktaba kwa miguu, bila nauli ya kwenda mjini.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa McMillan, iliyokuwa mikononi mwa jiji tangu awali, hilo halikubadilisha sana umiliki, wala halikuleta fedha zenyewe. Pengo hilo ndilo lililoingiwa na Book Bunk, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi. Ukarabati ulianza na matawi, si jengo kuu, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: ulianzia waliko wasomaji.

Lakini ukarabati ni gharama ya mara moja. Ununuzi wa vitabu vipya, hasa vya Kiswahili, mishahara ya wakutubi na utunzaji wa magazeti ya enzi ya ukoloni ni gharama za kila mwaka, na mshirika wa nje hawezi kuzibeba daima. Kaunti inayopanga bajeti ya maktaba haina budi kuvitengea vitu hivyo vitatu vifungu vyake, mbali na matengenezo ya majengo.